Alama za Tomma Ubben

Mchungaji alisema juu ya jeneza kwamba Tomma Ubben alikuwa mama mpole aliyependa watu. Nusura nicheke kanisani. Mchungaji ni mgeni, tumsamehe. Mimi niliishi jirani na Tomma tangu siku niliyoolewa, mtaro mmoja tu katikati yetu, na nawaambia mwanamke yule hakupenda watu, na watu hawakumpenda. Ulimi wake ungeweza kukwangua ukoko wa sufuria. Mimi mwenyewe nilimchukia miaka mingi, na kwa sababu hiyo naona ninafaa kuliko mchungaji kueleza alikuwa nani.

Alizaliwa katika zile nyumba fupi za vibarua wa tuta, hapa kwetu Frisia ya Mashariki, pwani ya Ujerumani, ambako nchi iko chini kuliko bahari na tuta la kuzuia maji ndilo linalotuweka hai. Baba yake alichimba udongo wa tuta mpaka mgongo ukapinda. Tomma akiwa bado msichana aliwekwa jikoni kuwapikia wachimbaji, na miaka michache baadaye jiko lote likawa lake. Mwanamume mmoja aliwahi kulalamika kwamba sukuma wiki ina chumvi nyingi. Tomma alichukua sahani yake, soseji na yote, akampa mbwa, na yule bwana akarudi kuchimba na njaa. Tangu siku hiyo kila aliyekaa mezani pake alikula na kunyamaza.

Aliolewa na Reent, mtu mkimya aliyesema akiulizwa tu, akafa usingizini bila kumsumbua yeyote. Mtoto wao ni mmoja, Menno, yuko kusini kabisa anatengeneza magari, anapiga simu kila Jumapili. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Raha ya Tomma ilikuwa mchezo wetu wa tufe wakati wa baridi, ule wa kutupa tufe barabarani kijiji kwa kijiji na kushindana nani atalifikisha mbali. Upande wa wanawake hakuna aliyekuwa na mkono kama wake. Akishinda alikutukana, akishindwa alikutukana zaidi.

Sasa lazima niseme habari ya jirani wa kwanza, maana bila hiyo ujinga wote uliofuata hautaeleweka. Kwetu maiti habebwi na ndugu zake, hubebwa na majirani. Na anayetangulia ni jirani wa kwanza, mwenye nyumba iliyo karibu zaidi, apende asipende. Ng'ombe akikwama matopeni ni yeye. Mgonjwa akitakiwa hospitalini ni yeye. Mtu akifa, ni yeye anayepita mlango kwa mlango kutoa habari, na ni yeye anayeshika jeneza mbele upande wa kulia. Huwezi kujitoa. Kuna njia moja tu ya kutoka: yule unayemhudumia aukatae mkono wako mbele ya shahidi. Akiukataa mara moja, wewe si jirani yake wa kwanza tena, mpaka kaburini.

Jirani wa kwanza wa Tomma alikuwa mume wangu, Habbo Eilts.

Na hao wawili walichukiana kwa bidii. Chanzo ni mtaro. Kila vuli mtaro wa mpakani lazima usafishwe kabla wakaguzi hawajapita, na anayechimba humwaga tope upande wake. Mwaka mmoja Habbo, kwa uvivu au kwa ubaya, sijui mpaka leo, alimwaga upande wa Tomma, juu ya vitunguu vyake. Asubuhi tulipoamka tope lilikuwa juu ya gari letu, kioo cha mbele chote, limesawazishwa kwa koleo vizuri kama mtu anayepaka keki. Kuanzia hapo hawakusalimiana ila kwa matusi. Mimi nilikaa katikati nikisikiliza ng'ambo zote mbili, na ningeweza kuwatupa wote wawili mtaroni.

Miaka kadhaa kabla ya haya ninayosimulia, Tomma alitolewa figo moja. Saratani. Alirudi nyumbani akasema amepunguziwa mzigo, akaenda kulisha kuku. Kisha mgongo ukaanza kumuuma.

"Mgongo huu ni tope la mume wako," aliniambia juu ya ua.

"Kamwone daktari, Tomma."

"Daktari anajua nini habari ya tope?"

Lakini baada ya mgongo ikaja miguu. Ilikuwa inakufa ganzi kama ya mtu aliyeikalia vibaya, na katika muda wa wiki mbili tu akawa anatembea na mkongojo na kushika kuta. Daktari wetu wa hapa kijijini alimpeleka haraka kupigwa picha. Picha ilionyesha kwamba ile saratani ya figo ilikuwa imeshuka mifupani, imekaa kwenye pingili za uti wa mgongo na inabana neva za miguu. Akaambiwa aende hospitali ya mjini kwa daktari wa mionzi, bila kuchelewa.

Asubuhi ile alivuka mwenyewe ubao uliolazwa juu ya mtaro. Nilimwona kwa dirisha la jikoni, mkongojo mkono mmoja, mwingine umeshika ua, midomo imebanwa. Alifika kwenye gari letu akaligonga bati kwa mkongojo.

"Habbo! Toka. Kazi yako imefika."

"Ningejua nimeoa karibu na jini, ningebaki kwa mama yangu," Habbo alinong'ona akitafuta funguo.

"Nimekusikia!"

Nilikaa kiti cha nyuma. Njia nzima alimwambia Habbo kwamba anaendesha kama bata anayevuka barabara, na Habbo alimwambia kwamba bata angalau hunyamaza. Nilitazama malisho yakipita nikajiuliza nimekosa nini maishani.

Mlangoni mwa hospitali huwa kuna viti vya magurudumu vya kuazima. Habbo alishuka, akaenda moja kwa moja, akaja nacho kimoja mpaka kwenye mlango wa Tomma. Akainama kidogo kama mhudumu wa hotelini.

"Kaa, jirani."

Namjua mume wangu. Ile haikuwa huruma, ulikuwa mtego. Alijua Tomma hawezi kuvumilia kusukumwa na mtu, sembuse yeye. Angesema "Ondoa takataka hii, nina miguu," mimi nimesimama pale nasikia, na Habbo angekuwa huru palepale. Asingempeleka tena popote, asingembeba siku ya siku.

Tomma alikitazama kiti. Akamtazama Habbo. Akanitazama mimi, shahidi. Kisha akakaa, akaweka mkongojo mapajani.

"Sukuma," alisema. "Na siku ile nyingine utabeba. Hutaniponyoka, Habbo Eilts, hata ukileta kitanda."

Uso wa Habbo ulianguka. Nakiri nilifurahi kidogo. Ningejua kiti kile kitafanya nini, ningekisukumia mtoni.

Daktari wa mionzi aliitwa Seitz, kijana wa kusini mwa Ujerumani, mpole, mwenye adabu za watu wa huko, hajawahi kuona mtaro maishani mwake. Alitukaribisha sote watatu. Akamuuliza Tomma kama majirani wabaki wakati wa mazungumzo, na Tomma akasema wabaki, huyu mmoja ni punda wangu na huyu ni mkewe. Daktari akafungua picha za mgongo, akaanza kuuliza moja baada ya nyingine. Saratani ya kwanza ilikuwa ya nini? Imepita miaka mingapi? Mifupa mingine inauma? Miguu ilidhoofika kwa muda gani? Kila jibu alilibofya kwenye kompyuta, kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

"Na unatembea, Bi Ubben?"

"Macho unayo."

"Naona kiti. Nauliza miguu."

"Kiti kimeletwa na jirani yangu wa kwanza. Muulize yeye."

"Mimi dereva tu, daktari," Habbo akasema.

Nikashindwa kuvumilia. "Daktari, mama huyu asubuhi hii amevuka ubao wa mtaro kwa miguu yake. Nimemwona mimi."

Tomma aligeuka na kiti chote. "Geeske, pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Daktari alimwambia ainue mguu mmoja, kisha wa pili. Aliinua yote miwili, si juu sana. Daktari akasema wapo wanaoinua miguu na hawawezi kusimama, akabofya alichobofya. Kisha akajumlisha, akitazama kioo cha kompyuta.

"Toa matokeo," Tomma akasema.

"Una hakika unataka kuyasikia?"

"Nimelisha kundi zima la wachimbaji wa tuta. Sizimii kwa sababu ya hesabu."

Basi akamweleza, wala hakuzunguka. Hizo ni alama, alisema, zimetokana na wagonjwa wengi wa uti wa mgongo waliopigwa mionzi kabla yake. Zinajumlishwa, na jumla inaonyesha mtu yuko kundi gani. "Katika watu kumi wa kundi lako, nusu mwaka ukipita huwa wamebaki wawili hivi. Si unabii, Bi Ubben. Ni wastani."

Habbo aliacha kutabasamu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na mionzi yenyewe?" Tomma akauliza.

"Tunaweza kukupa kwa wiki moja, au kwa wiki nne. Kwa maumivu na kwa miguu ya miezi hii inayokuja, ni sawasawa. Ile ndefu huzuia ugonjwa usirudi palepale, huzuia kwa muda mrefu zaidi. Lakini kwa mtu ambaye... Hatupendi kumpotezea mgonjwa wiki nne za kwenda na kurudi kama..."

"Kama hana wiki za kupoteza."

"Ndiyo." Kisha akaegemea mbele. "Lakini jirani yako anasema unatembea. Kutembea kuna alama nyingi sana katika hesabu hii. Ukisimama hapa, ukapiga hatua chache mpaka dirishani, nitahesabu upya. Huenda tukaenda na ile ndefu."

Ilikuwa hatua chache tu. Nilisogea ili nimshike. Na hapo mume wangu, Mungu amlaani mdomo wake, akafungua mdomo.

"Simama basi, Tomma," alisema. "Simama, mimi nikapumzike."

Nilimwona Tomma akipima. Akisimama, kiti kimekataliwa mbele yangu. Habbo atatoka pale amefunguliwa, na jioni barabara yetu nzima itajua kwamba Tomma Ubben alisukumwa kama malkia na huku miguu anayo, kisha akaruka kutoka kitini kuomba aongezewe siku. Kwetu mtu haombi. Tumefundishwa hivyo tangu utoto, kwamba heri kufa kuliko kuinama, na tunajivunia upumbavu huo, tunauchonga kwenye milango. Tomma akashika mikono ya kiti, akabaki amekaa.

"Andika wiki moja," alisema.

"Bi Ubben, hili si jambo la..."

"Umeshanihesabu. Mimi si mtu wa kuombaomba siku mbele ya watu. Andika."

"Tomma, usiwe mjinga!" nilipiga kelele. "Simama!"

"Wewe chunga mumeo."

Daktari aliuliza mara ya tatu, kwa upole, na mara ya tatu akajibiwa vilevile. Nje nilimwambia Habbo maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima. Yeye akasema, "Nilikuwa natania." Hasira hasara, wanasema, lakini utani nao una hasara zake, na aliyezilipa hakuwa yeye.

Wiki ile tulikwenda kila siku. Tomma alilala chini ya mashine, akatoka, akakaa kitini, akasukumwa. Hakushukuru wala Habbo hakutegemea. Tukirudi nilimpa chai jikoni kwangu, sukari ya mawe chini, malai juu, bila kukoroga, vikombe vitatu kama ilivyo sheria, na hata akiwa mgonjwa alisema chai yangu ni maji ya kuoshea vyombo.

Kisha akaja Menno. Alikuwa ameongea na daktari kwa simu, kwa ruhusa ya mama yake, na hesabu ile ilikuwa imemwingia kichwani kama tegu. Siku ya kuzaliwa ya Tomma ilikuwa Aprili. Sisi tulikuwa Novemba. Menno, aliyezaliwa na kukulia hapa, anayejua kabisa kwamba hakuna anayempongeza mtu kabla ya siku yake, hata saa moja kabla, kwa kuwa ni sawa na kukiita kifo kwa jina, Menno huyo aliingia nyumbani kwa mama yake na keki ya siku ya kuzaliwa yenye mishumaa. Akaita majirani. Na sisi wapumbavu tukaenda, maana ukiitwa unakwenda. Habbo alivaa suti nyeusi, ile ya kubebea majeneza. Alisema hana nyingine.

Tomma alitoka chumbani na mkongojo. Alikuwa anatembea, tena vizuri kuliko kabla ya mionzi. Alitazama meza, mishumaa, nyuso zetu, kisha suti.

"Nani amekufa?"

"Mama," Menno akasema, "tumeona tusherehekee mapema kidogo, maana..."

"Maana nini?"

"Mama, daktari amesema..."

"Daktari amesema wawili wanabaki. Mbona wewe mwanangu umenihesabu kwa wale wanane?"

Menno akaanza kulia, mtu mzima mwenye mvi. Tomma hakumwonea huruma. Alichukua keki na mishumaa yake ikiwaka, akatoka nayo mlango wa nyuma, tukasikia ikianguka mtaroni. Akarudi, akasimama mbele ya Habbo.

"Na wewe ulikuja kujipima? Nenda kavue. Ukinisubiri utaoza kabla yangu."

Tulitoka bila kuaga. Hata leo nikikumbuka nyuso zetu pale mezani naona aibu, lakini hasira yangu ni kwa Menno zaidi. Mtu anaambiwa na mgeni kwamba atakufa, sawa, ni kazi ya mgeni. Mwanawe anawasha mishumaa!

Baridi ile ilikuwa ya Tomma. Maumivu yalipungua, daktari akampa na vidonge, miguu ikakaza. Februari alijikokota mpaka barabarani siku ya mchezo wa tufe, akasukuma mkongojo kwangu nimshikie, akatupa mara moja. Tufe halikwenda mbali. Wanawake wa kijiji cha pili walipiga makofi, naye akawaambia wakapigie makofi waume zao. Nusu mwaka ulipotimia alivuka ubao akagonga mlango wetu, na Habbo alipofungua akamwambia tu, "Nipo," akarudi kwake. Aprili Menno alikuja tena na keki, siku yenyewe, baada ya saa aliyozaliwa. Tomma alikula vipande viwili. Siku hiyo peke yake nilimwona akicheka bila kumcheka mtu.

Nami nikamwamini. Nilianza kusema kwamba zile alama ni upuuzi, kwamba daktari alikosea, kwamba wiki moja ilitosha. Kila mtu barabarani alisema hivyo. Habbo alisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kiangazi, mahindi ya ng'ombe yakiwa yamefika kifuani, alianguka kwenye banda la kuku. Nilimkuta amekaa ardhini, kuku wanamzunguka, anaipiga miguu yake kwa ngumi.

"Hii miguu haijibu," aliniambia. Hakunitukana, ndipo nikaogopa.

Habbo alimbeba mikononi mpaka kwenye gari. Mjini walipiga picha tena. Pingili ileile, mahali palepale pa mwanzo. Kwingine kote ugonjwa ulikuwa umetulia, figo iliyobaki safi, mapafu safi. Daktari Seitz alieleza kwamba uti ule umekwisha kula mionzi yake, kuongeza mingi ni kuuchoma wenyewe, na wapasuaji nao wamekataa kugusa. Watampa kidogo kwa ajili ya maumivu. Miguu hakuahidi.

Kisha, maskini, akataka kumtia moyo. "Lakini umezishinda alama zetu, Bi Ubben. Wewe ni mmoja wa wale wawili. Kwa hali ya mwili wako, una muda bado. Pengine mrefu."

Tomma alikuwa kitini, safari hii bila kuchagua.

"Ungeniambia nitaishi," alisema, "ningesimama."

Daktari alibadilika rangi. "Nilikuomba usimame. Mara tatu."

"Uliniomba nisimame baada ya kunizika."

Hakupiga kelele. Maishani mwake mwote alipiga kelele kwa ajili ya chumvi na tope, na hili alilisema kama anayeomba kijiko. Daktari alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Aliuliza, akajibiwa na kiburi. Lakini nilimchukia yeye pia saa ile, na kompyuta yake.

Tulipofika nyumbani Habbo alizunguka gari, akafungua mlango, akanyoosha mikono kumtoa. Tomma aliuweka mkono wake kifuani mwa Habbo, akamsukuma.

"Geeske, unasikia?"

"Nasikia," nilisema, kabla sijaelewa nimekubali nini.

"Habbo Eilts, mkono wako siutaki. Kuanzia leo hunidai wala sikudai. Hutanisukuma, hutanipeleka popote, na hutanibeba."

Kitu alichokitafuta Habbo miaka yote alikuwa amekipata. Mngemwona. Alisimama kwenye changarawe mikono bado imenyooshwa. Alisema, "Tomma, nilikuwa natania siku ile," na Tomma akasema, "Mimi sikuwa natania. Geeske, nishike miguu."

Aliishi baridi mbili nyingine kitini. Nilimsukuma mimi. Habbo alikwenda kila asubuhi mlangoni pake mwezi mzima wa kwanza, akafungiwa kila asubuhi. Vuli alichimba mtaro wote, wa kwetu na wa kwake, na tope lote akalimwaga upande wetu, juu ya kabichi zangu, bila kuambiwa. Tomma alimtazama kwa dirisha.

"Anachimba vizuri, mbwa yule," alisema.

"Basi mwite anywe chai."

"Anywe ya kwako, ni adhabu tosha."

Watu walikuja kumsemea Habbo, mchungaji wa zamani alikuja, hata Menno alipiga simu. Mimi sikumsemea. Nililala naye kitanda kimoja, nikampikia, na sikumsemea hata siku moja. Aliniuliza usiku mmoja kama namchukia. Nikamwambia alale.

Tomma alikufa Machi, mapafu yakiwa yamejaa maji, hasira zikiwa nzima. Nilipita mlango kwa mlango mimi kutoa habari. Baadhi ya wanaume walinung'unika kwamba mwanamke habebi jeneza, nikawaambia basi wamfufue wamuulize. Walijipanga kanisani, na mbele upande wa kulia nikashika mimi.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Njia ya kutoka kanisani inapanda kidogo, na upepo ulikuwa unatoka baharini. Habbo alikuwa amesimama penye lango la makaburi, amenyoa, kofia mkononi. Tulipomkaribia alipiga hatua moja mbele na kunyoosha mkono kuelekea mahali nilipokuwa nimeshika, akinitazama kama mtoto. Wanaume nyuma yangu walipunguza mwendo, wakisubiri kuona nitafanya nini.

Sikumpisha.